Sindano Iliyotoka Entebbe

Kabla ya picha na kabla ya mashine, kuna vidole. Mtu akifika kliniki mjini Kakamega na kikohozi cha miezi minne, daktari aliyefunzwa vizuri haishii kusikiliza kifua. Anasimama nyuma ya mgonjwa, anaweka vidole juu ya mtulinga, kwenye kile kishimo kati ya shingo na bega, anabonyeza polepole upande mmoja, kisha wa pili. Anatafuta tezi. Tezi iliyofura hapo, ngumu kama kokwa ya zambarau, inaweza kumwambia jambo ambalo mgonjwa bado hajaanza kulifikiria: kwamba huenda kuna saratani ndani ya pafu, na kwamba imeshaanza safari.

Akiipata, kinachofuata ni sindano. Nyembamba, ya kawaida, kama ile ya kutoa damu. Anadunga tezi, anavuta, anamwaga tone kwenye kioo, kioo kinapelekwa kwa hadubini.

Stori ya vitu vya hospitali tumezoea kuisikia kwa mpangilio mmoja: vilibuniwa Ulaya, vikapita Marekani, sisi tukavipata mwisho. Hii sindano ya tezi haikufuata njia hiyo. Moja ya majaribio yake ya kwanza kabisa yanayojulikana yalifanyika Entebbe mwaka 1904, kwenye ufuo wa ziwa ambalo maji ya Isiukhu, baada ya kupita Kakamega, huishia kupitia Nzoia. Ilitoka kwetu. Swali ninalobaki nalo ni inarudi ikiwa na nini mkononi.

*

Mwaka 1901 ndugu wawili madaktari wa hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, walianza kuona wagonjwa wa aina mpya. Watu waliokonda, waliosinzia chakula kikiwa mdomoni, waliolala mchana na kuhangaika usiku, kisha wakafa. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota. Kwa Kiswahili ni malale. Ulishika Busoga, ukafuata ufuo wa ziwa na visiwa vyake, ukafika Samia na upande wa Nyanza. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Uganda pekee ilipoteza zaidi ya watu 200,000 katika miaka ishirini ya kwanza ya karne hiyo.

Hapa lazima tukumbuke ramani. Mpaka Aprili 1902, ardhi ya Kakamega haikuwa Kenya. Ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na serikali ya eneo hili ilikaa Mumias, kwa Nabongo Mumia, kituo cha misafara. Aliyetoka Mumias na mzigo kichwani kwenda Entebbe hakuvuka mpaka wowote wa nchi. Janga tunaloliita la Uganda lilikuwa la ziwa, na ziwa ni letu sote.

London ilituma tume mwaka 1902: Low, Castellani na Christy. Castellani aliona vijidudu vikiogelea kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka uliofuata akaja David Bruce, na kwa msaada wa Apolo Kagwa na machifu wa Buganda, waliowatuma watu wao kukusanya nzi kila pembe ya nchi, akaonyesha kwamba penye malale pana mbung'o. Ramani ya ugonjwa na ramani ya nzi zililingana. Tukitaja ugunduzi wa Bruce, tuwataje na wale waliokimbiza nzi kwa mikono.

Lakini kujua mdudu ni nani hakukutatua shida ya mtu mmoja mmoja. Utajuaje kwamba huyu hapa anao? Katika damu, vijidudu vilikuwa vichache na vigumu kuonekana. Katika uti wa mgongo vilionekana zaidi, ila mara nyingi mtu alikuwa ameshaanza kusinzia, na kumchoma mtu mgongoni si jambo dogo.

Kulikuwa na dalili ya zamani. Mwaka 1803 daktari Mwingereza aliyeishi Sierra Leone, Thomas Winterbottom, aliandika kwamba watu wanaoelekea kuugua usingizi huo hufura tezi za nyuma ya shingo. Hakusema ameligundua jambo hilo mwenyewe. Aliandika kwamba wafanyabiashara wa watumwa walilijua: mtu mwenye tezi hizo hawakumnunua, au waliharakisha kumwuza kwingine. Soma hiyo mara mbili. Vidole vya kwanza tunavyovijua kwenye historia hii, vinavyopapasa shingo kutafuta tezi, ni vya mnunuzi wa binadamu akikagua mali.

Miaka mia moja baadaye, Entebbe, madaktari wawili wa kijeshi, Greig na Gray, walijiuliza: kama tezi zimefura, kwa nini tusiangalie ndani yake? Walichukua sindano, wakadunga tezi za wagonjwa wa malale, wakavuta majimaji. Chini ya hadubini vijidudu vilikuwa hai, vinachezacheza, na vilipatikana kwa urahisi kuliko kwenye damu. Ripoti yao fupi ilichapishwa London mwaka huo huo wa 1904. Leo, waandishi wa historia ya saitolojia, yaani usomaji wa seli kwa hadubini, wakitafuta mtu wa kwanza kutumia sindano kuuliza tezi swali, mara nyingi wanafikia majina hayo mawili.

Majina mawili, ya waliodunga. Waliodungwa hawatajwi kwenye hadithi hiyo.

*

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa ya kujivunia. Haikuishia hapo.

Njia rahisi ya kujua nani anaumwa ni njia rahisi ya kuwagawa watu. Katika Kongo ya Leopold, na baadaye Kongo ya Ubelgiji, kupapasa shingo kukawa kazi ya umma. Daktari John Todd, wa shule ya tiba ya Liverpool, aliipigia debe sana: watu wapangwe mstari, shingo ziguswe, wenye tezi wadungwe, wenye vijidudu watengwe. Nchini Uganda, gavana Hesketh Bell alihamisha watu wa ufuo wa ziwa kuanzia mwishoni mwa 1906, wagonjwa wakapelekwa kambini, na kufikia 1909 visiwa vya Sese vilikuwa vimeachwa vitupu.

Na dawa? Mwaka 1904 hakukuwa na dawa ya maana. Ilipokuja atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake, Robert Koch aliijaribu visiwani Sese mwaka 1906 na 1907. Vijidudu vilipotea kwenye damu kwa muda, kisha vikarudi. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka, na hawakuona tena.

Basi fikiria hesabu ilivyokuwa kwa mtu wa kawaida. Mzungu anagusa shingo yako. Anakudunga. Anaondoka na kitu kutoka mwilini mwako. Hakuambii kitu, au anakuambia uondoke nyumbani. Sindano inajibu maswali ya serikali na inakuacha wewe ulivyokuwa.

Si ajabu kwamba Afrika Mashariki yote ilijaa stori za kunyonywa damu. Pwani walisema mumiani. Bara walisema wazimamoto, wanaozunguka usiku na gari wakikamata watu. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo Nairobi, Kampala na Siaya, akazitolea kitabu mwaka 2000, na hoja yake haikuwa kuwacheka wasimulizi. Alisema tuzisikilize kama njia ya watu kuzungumzia mamlaka yaliyoingia mwilini mwao bila kubisha hodi. Nikimsikia mzee akisema usikubali kuchomwa kwa uvimbe, ugonjwa utasambaa, nasikia pia mwangwi wa stori hizo. Kitaalamu, hofu ya sindano nyembamba kusambaza saratani ina msingi mdogo sana. Hutokea kwa nadra mno. Lakini hofu yenyewe haikutoka hewani.

*

Sindano ikaenda zake. Mwaka 1930, katika hospitali ya Memorial, New York, Hayes Martin na Edward Ellis walieleza jinsi ya kutumia sindano kuvuta seli za uvimbe ili kuitambua saratani bila kupasua. Wenzao wengi Marekani waliipuuza. Walioishikilia ni Waswidi, Sven Franzén na wenzake mjini Stockholm kwenye miaka ya 1950, waliotumia sindano nyembamba zaidi na kufunza kizazi kizima kusoma tone dogo la seli.

Wakati huo huo mapafu yalikuwa na tatizo lao. Mwaka 1933, mjini St. Louis, daktari Evarts Graham aliondoa pafu zima la mtu mwenye saratani, na mtu huyo, ambaye naye alikuwa daktari, akaishi miongo mingine mingi. Ghafla saratani ya pafu ikawa kitu kinachoweza kukatwa. Graham huyo alikuwa mvutaji sigara mkubwa. Mwaka 1950 yeye na Ernst Wynder walichapisha utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1957 ugonjwa huo ukamuua yeye mwenyewe.

Kukata kuliwezekana, lakini kwa nani? Mara nyingi daktari alifungua kifua, akakuta saratani imeshaingia kwenye tezi za katikati, akafunga tena. Mgonjwa akaamka na kovu refu, mbavu zinauma, na saratani ile ile. Ndiyo maana hatua za saratani zikahitaji lugha. Mfaransa Pierre Denoix aliunda mfumo wa herufi tatu kwenye miaka ya 1940: T kwa ukubwa wa uvimbe, N kwa tezi, M kwa kusambaa mbali. Kwa pafu, N ndiyo yenye maamuzi mazito. N1 ni tezi zilizo ndani ya pafu lenyewe au kwenye mlango wake. N2 ni tezi za katikati ya kifua, upande ule ule wa ugonjwa. N3 ni tezi za upande wa pili, au zile zilizo juu ya mtulinga. Mjapani Tsuguo Naruke alichora ramani ya tezi hizo na kuzipa namba, kama vituo vya matatu, ili daktari wa Tokyo na wa Eldoret wakisema kituo cha 7 wawe wanamaanisha mahali pamoja: pale chini ya njia panda ya bomba la hewa.

N1 mara nyingi inaruhusu kisu. N2 inataka mjadala mrefu, dawa, pengine mionzi. N3 kwa kawaida inafunga mlango wa upasuaji, na matibabu yanachukua njia nyingine. Tofauti kati ya tezi moja na nyingine ni sentimita chache. Kwa mgonjwa ni maisha mawili tofauti.

*

Utazifikiaje tezi zilizo nyuma ya mfupa wa kidari, zimezungukwa na moyo na mishipa mikubwa? Mwaka 1959 Eric Carlens wa Uswidi alipasua kidogo juu ya kidari, akashusha bomba lenye taa kando ya koo la hewa, akakata vipande vya tezi. Njia hiyo ilikuwa ya kuaminika kiasi kwamba kwa miongo kadhaa ilihesabiwa kuwa kipimo cha vipimo vingine vyote. Ila mgonjwa lazima alazwe usingizi kamili na kupasuliwa.

Kulikuwa na wazo lingine, la kupitia ndani. Muargentina Eduardo Schieppati alieleza mwaka 1949 jinsi alivyopitisha sindano kwenye bomba gumu la chuma, akatoboa ukuta wa njia ya hewa pale kwenye njia panda, akavuta seli za tezi iliyo upande wa pili. Mwaka 1966 Shigeto Ikeda wa Japani akaonyesha kamera ya mapafu inayopinda, na mwaka 1978 Ko Pen Wang na wenzake wa Johns Hopkins wakaanza kuripoti kazi ya sindano kupitia kamera. Tatizo lilibaki moja: walidunga bila kuona. Walijua ramani, lakini ukuta ulikuwa ukuta.

Suluhisho lilikamilika Chiba, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kazuhiro Yasufuku na wenzake walitumia kamera yenye altrasaundi ndogo kwenye ncha yake. Mgonjwa anasinzishwa kidogo, kamera inapita mdomoni mpaka kwenye bomba la hewa, altrasaundi inaonyesha tezi kama kivuli cheusi nyuma ya ukuta, mishipa ya damu inaonekana kwa rangi ili ikwepwe, na sindano inatoka ubavuni mwa kamera ikiingia kwenye tezi huku daktari anaiona. Mgonjwa wengi wao hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 241 nchini Uholanzi, Ubelgiji na Uingereza. Nusu walipimwa tezi kwa upasuaji moja kwa moja. Nusu walianza na sindano zinazoongozwa na altrasaundi, kupitia njia ya hewa na njia ya chakula, na upasuaji ukafuata pale tu sindano ilipokosa kuona saratani. Katika kundi la kwanza, asilimia 18 walifunguliwa kifua bure. Katika la pili, asilimia 7. Hao waliookolewa kwenye tofauti hiyo hawakupona kwa sababu ya sindano. Waliepushwa kupasuliwa bila faida, na hiyo ni rehema kubwa.

*

Turudi nyumbani. Mapafu ya watu wa Kakamega yana historia yake. Dhahabu ilipatikana hapa mwaka 1931, na mwaka uliofuata wachimbaji walimiminika. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi mpaka 1952, na baada ya kufungwa watu hawakuacha kuchimba. Mpaka leo kuna vijana Ikolomani na Rosterman wanaoshuka mashimoni na kusaga mawe. Vumbi la mawe hayo lina silika, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1997. Ongeza sigara. Ongeza moshi wa kuni kwenye jikoni lisilo na dirisha, ambao IARC imeuita kisababishi kinachowezekana sana.

Kisha ongeza TB. Hapa ndipo mambo yanachanganyika. TB inakohoza, inakondesha, inatoa jasho usiku, inaleta damu kwenye makohozi. Saratani ya pafu inafanya hivyo hivyo. TB inafurisha tezi za katikati ya kifua, saratani pia, na Virusi vya Ukimwi vinaweza kuzifurisha vyenyewe. Kwenye nchi ambako TB ni nadra, picha ya CT yenye tezi kubwa inaelekeza upande mmoja. Kwetu picha hiyo inasema tu kwamba kuna kitu. Kwa sababu TB ndiyo ya kawaida zaidi, wengine hutibiwa TB miezi sita, wakamaliza, wakaanzishiwa tena, na muda wote huo pafu lina jambo lingine. Wapo pia wa kinyume: familia imeshalia, imeshauza ng'ombe, sindano inaingia kwenye tezi na kurudi na TB inayotibika. Huenda ni mahali pekee duniani ambapo mtu anashukuru Mungu kwa kuambiwa ana TB.

Kwa hiyo sisi tunaihitaji sindano hii kuliko wale walioiboresha. Kwao inathibitisha kile picha ilichodokeza. Kwetu inatenganisha magonjwa mawili yanayovaa nguo moja.

Kamera yenye altrasaundi ni ghali, inahitaji mtaalamu aliyefunzwa muda mrefu, na mgonjwa wa Kakamega anayeihitaji anajua kwamba safari ni ndefu kuliko barabara ya Eldoret, Kisumu au Nairobi. Kuna rufaa, kuna malipo ya SHA, kuna nauli ya anayemsindikiza, kuna mahali pa kulala. Lakini ukiisoma historia hii vizuri utaona kitu kilichofichika. Tezi iliyo juu ya mtulinga ni N3. Ikiguswa kwa vidole, haihitaji kamera. Inahitaji sindano ya kawaida na mkono uliofunzwa, vile vile walivyofanya Entebbe 1904. Sindano hiyo moja inaweza kusema ugonjwa ni nini na umefika wapi, kwa siku moja, kwenye chumba cha kawaida cha hospitali ya kaunti. Si kila mgonjwa ana tezi hiyo, na tezi ikikosekana huwezi kukata kauli. Ila kabla ya kumwambia mtu apande gari la Nairobi, shingo yake iguswe.

Kinachokosekana mara nyingi ni kile kinachofuata tone likishafika kwenye kioo. Nani atakisoma? Wanapatholojia ni wachache, wengi wako miji mikubwa. Sampuli inaweza kusafiri kuliko mgonjwa, na majibu yakakawia wiki baada ya wiki. Saratani ya pafu haisubiri foleni. Na majibu yakija, kuna dawa? Kuna mionzi? Kuna mtu wa kukaa na mgonjwa na kumweleza, kwa Kiluhya kama ndiyo lugha yake, N3 maana yake nini, na maumivu yake yatatulizwaje?

Nikifikiria wale watu wa Entebbe, sioni haya kwamba teknolojia ilianzia kwenye miili yao. Naona deni. Sindano iliwauliza swali, na jibu likaenda London. Kupanga watu kwa hatua za ugonjwa, bila kuwa na kitu cha kumpa kila mmoja kwenye hatua yake, ni kupapasa shingo kama yule mnunuzi wa zamani: kujua nani wa kuacha.

Deni hilo linalipwa kwa vitu vidogo visivyopigwa picha. Msomaji wa vioo anayeajiriwa na kaunti. Simu inayopigwa majibu yakitoka. Mofini inayopatikana kwenye stoo ya dawa. Na daktari anayesimama nyuma ya mgonjwa, anayesema kwanza, "Samahani mama, naomba niguse shingo yako," na kumweleza anatafuta nini, kabla vidole havijafika kwenye mtulinga.